SP ya kliniki si dawa ya homa ya mtoto

MAMA mmoja wa Chala, wilayani Nkasi, alinijia na mtoto wa miaka minne mwenye homa. Walikuwa wametoka Kirando kumsalimia bibi, na huko mwambao wa Ziwa Tanganyika mbu ni wengi kuliko huku juu Ufipa kwenye baridi. Alikuwa amempa mtoto vidonge vya SP alivyonunua dukani.

"Daktari, nilipokuwa na mimba yake nilimeza hizi hizi kliniki. Mbona kwake hazifanyi kazi?"

Ndani ya kimelea cha malaria kuna protini inayokisaidia kupata malighafi ya vinasaba ili kizaliane. Protini hiyo ina kishimo, mfano wa tundu la kufuli. Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya SP, huingia humo kama ufunguo na kuziba. Kimelea hukwama.

Tatizo ni kwamba kimelea hubadilika. Protini imeundwa kwa vipande vilivyopangwa kama shanga. Shanga ya 108 ikibadilika ikawa nene kidogo, pirimethamini hugongana nayo na haikai vizuri. Shanga nyingine zikibadilika, dawa hulegea zaidi. Tanzania iliweka SP mahali pa klorokwini mwaka 2001, lakini mwaka 2006 dawa mseto, yaani ALu, ikachukua nafasi ya SP katika kutibu malaria isiyo kali.

Mwaka 2003 wanasayansi wa Thailand na wenzao walichapisha umbo la protini hii, walilolipata kwa mionzi ya eksirei. Umbo likishaingia kwenye kompyuta, programu huichukua molekuli moja moja, huigeuza huku na huku ndani ya kishimo na kukadiria itashika kwa nguvu kiasi gani. Maelfu huchujwa hivyo kabla ya kutengeneza hata moja maabara. Kwa kulitazama umbo hilo, mwaka 2012 walitangaza P218, molekuli yenye mkono unaopinda, isiyogongana na shanga ile nene. Imeanza kujaribiwa kwa watu, ila bado si dawa ya kununua. Kompyuta hukadiria tu. Maabara na majaribio kwa watu ndiyo huamua.

Sasa, kwa nini mjamzito bado anapewa SP? Yeye hapewi kutibu homa. Anapewa kliniki kuanzia miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, kwa vipindi, ili kupunguza malaria ya ujauzito na hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Kwa kazi hiyo bado inasaidia, kwa hiyo usiikatae.

Mzazi, mtoto akipata homa, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria na kupewa dawa mseto, dozi ya pili ni baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni hadi dozi 6 ziishe kwa siku 3. Ampe pamoja na chakula au maziwa. Homa ikishuka, usiache. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kula au akilegea, wahini hospitali.

Mtoto wa Chala alipimwa, akakutwa na malaria, akamaliza dozi. Mama yake alirudisha SP iliyobaki, akaniuliza tarehe ya kliniki: ana mimba nyingine.