Majina ya Viungo vya Nje vya Motokaa
Sehemu ya Pili: Mkono wa Kulia na Mkono wa Kushoto

Baada ya kueleza katika sehemu ya kwanza sababu zinazomlazimu kila mwenye motokaa mjini Lubumbashi kuyajua majina ya viungo vyake, leo tutaizunguka gari yenyewe kwa nje. Walakini tutakaa zaidi mahali pamoja, ambapo hasara nyingi hutokea kwa sababu jina limetajwa nusu.

Mbele kabisa pana bampa, ambayo mafundi wetu wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo, kwa urithi wa Kifaransa cha Wabelgiji, huiita parashoki. Juu yake pana shoo, ule uso wenye matundu unaopitisha hewa kwenda kwenye rejeta. Kisha boneti, ambayo kwetu ni kapo, na ubavuni mwake, juu ya magurudumu, madigadi. Taa kubwa ni fari, na kioo cha mbele ni parabrizi. Kifaransa kilikuja na wenye reli na migodi, ilhali magari mengi yanunuliwayo leo hushushwa bandarini Dar es Salaam, yakapita Tunduma na nchi ya Zambia hata Kasumbalesa, yakifuatana na majina ya pwani. Basi mwenye busara huyashika yote mawili.

Lakini jina bila upande halitoshi. Kulia na kushoto kwa gari hupimwa kwa mtu aliyeketi ndani akitazama mbele, wala si kwa fundi aliyesimama kuielekea boneti, maana mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa gari. Wala usimwambie muuzaji kuwa wataka taa ya upande wa dereva: motokaa iliyotoka Japani au Uingereza ina usukani kuliani, iliyotoka Ubelgiji inao kushotoni, na katika mji wetu zote mbili husimama sambamba katika foleni moja.

Sheria Nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyo kanuni ya barabara nchini Kongo, yatutaka twende mkono wa kulia. Zambia, mwendo wa chini ya kilomita mia moja kutoka hapa, huenda kushoto. Athari yake iko dhahiri kwenye viungo vya nje. Toyota Hiace iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani, aghalabu mlango wake wa kusukuma uko kushotoni, basi abiria wetu hushukia katikati ya njia badala ya ukingoni. Hatari hiyo imezoewa mno hata haisemwi, nami naona ni wajibu kuisema.

Taa kubwa nazo zina siri yao. Isimamishe gari jioni ikikabili ukuta, hatua chache tu, uwashe mwanga wa chini: utaona mstari ulionyooka ambao upande mmoja wapanda juu kidogo. Taa za nchi ziendazo kushoto huupandisha mwanga huo kushotoni, ili dereva aone ukingo wa njia na waendao kwa miguu. Zikiwashwa kwetu, mwanga ule ule humpiga machoni yule ajaye mbele yako, na ukingo ulio kuliani hubaki gizani. Kwa hiyo anayebadilisha fari iliyovunjika aulize kwanza imekusudiwa njia ya mkono gani, kabla ya kuuliza bei.

Fauka ya hayo, uendapo dukani chukua nambari ya shasisi iliyoandikwa katika karatasi za gari, kisha utaje kwa utaratibu huu: jina la kiungo, mbele au nyuma, kulia au kushoto kwa aliyeketi. Ukiweza, kichukue kile kilichovunjika ukilinganishe na kipya mezani kabla ya kutoa fedha. Katika sehemu ya tatu, inshallah, tutaifunua boneti.