Simamisha Nguzo za Karakara Kabla ya Kununua Miche

Mkazi anayenuia kupanda karakara mvua ndefu zikianza mwezi wa Machi anafaa kuwa amesimamisha nguzo na kuvuta waya kufikia mwisho wa Februari. Wengi hufanya kinyume. Hununua miche kwanza, wakaipanda, na mche unapofika magotini ndipo wanaanza kutafuta miti. Kufikia hapo mmea umeshaanza kutambaa chini, majani yanarushiwa matope na mvua, na magonjwa ya udongoni yamepata njia ya kupanda juu.

Huku Kitale, takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kwa jirani zetu wa Bungoma kuanzia Webuye na Kimilili hadi miteremko ya Mlima Elgon, karakara ya zambarau hustawi vizuri. Mmea mmoja huanza kuzaa baada ya miezi saba hadi tisa, na ukitunzwa huendelea kuzaa kwa miaka kadhaa. Kwa hivyo nguzo unazoweka leo zitabeba mzigo kwa muda mrefu. Mmea mchanga ni mwepesi, lakini ukishajaa majani mabichi na matunda, tena yamelowa mvua, nguzo dhaifu huvunjika na safu nzima kulala chini. Mizizi ikishang'oka, mazao ya mwaka huo yamekwenda.

Tuchukue mfano wa safu moja ya mita 30 nyuma ya nyumba. Inahitaji nguzo sita, moja kila mita sita, na kati ya nguzo na nguzo panaingia miche miwili, moja kila mita tatu. Hiyo ni miche kumi. Ukiongeza safu nyingine, iache mita mbili kutoka ya kwanza. Tumia nguzo za mita 2.5 hivi, ufukie sentimita 60 udongoni na kushindilia kwa mawe. Waya utakuwa juu kidogo ya kichwa cha mtu wa kawaida, urefu ambao mkono unafikia bila ngazi. Nguzo za blugamu zilizotiwa dawa kiwandani ni ghali, lakini mbichi zilizokatwa jana huliwa na mchwa upesi, na kubadilisha nguzo chini ya mmea unaozaa ni kazi ya kuudhi. Nguzo mbili za mwisho ndizo zinazovutwa zaidi na waya. Ziegemeze kwa mti ulioinamishwa kutoka upande wa ndani wa safu, la sivyo zitapinda kuelekeana na waya utalegea katikati.

Waya ufaao ni ule laini wa geji 14. Seng'enge usiitumie hata kama imebaki bure baada ya kuzungushia boma, kwa sababu miiba yake hukwaruza shina na kutia matunda alama, na mnunuzi hutazama ngozi kabla ya kuonja.

Sasa kufunga kwenyewe. Karakara ina vikono vyembamba vinavyojizungusha kwenye chochote inachokutana nacho, lakini mwanzoni inahitaji kuelekezwa. Chomeka kijiti karibu na mche, funga uzi wa katani kutoka kijitini hadi kwenye waya, kisha uzungushie mmea kwenye uzi huo kila wiki unavyorefuka. Uzi usiufunge kwenye shina lenyewe. Shina hunenepa, uzi haunenepi, na baada ya miezi michache utakuta umezama ndani ya gome na sehemu ya juu inanyauka huku mwenyewe ukidhani ni ugonjwa. Panapolazimu kushikilia shina, pitisha kamba kwa umbo la nambari nane, duara moja kwenye uzi au nguzo na jingine kwenye shina, na uache nafasi ya kupitisha kidole. Maganda makavu ya mgomba au vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli vinafaa. Kamba nyembamba ya nailoni hukata.

Acha mche mmoja uwe na shina moja tu linalopanda. Likifika kwenye waya, kata ncha, na matawi mawili yatakayochipuka uyalaze moja kushoto na jingine kulia. Kutoka hapo matawi madogo yataning'inia kama pazia, na hayo ndiyo yanayozaa. Yapunguze yakikaribia kugusa udongo. Wenye mawaridi ya kutambaa kwenye varanda wanaijua hila hii, kwani tawi la waridi likilazwa hutoa maua mengi kuliko lililosimama wima. Tofauti ni kwamba waridi halina vikono, hivyo lazima lifungwe hadi mwisho.

Nunua miche iliyopandikizwa, yaani chipukizi la zambarau lililounganishwa juu ya shina la karakara ya manjano, kwenye kitalu kilichosajiliwa. Mizizi ya manjano hustahimili mnyauko wa fusariamu, ambao umewafanya wakulima wengi kuacha zao hili. Ustahimilivu huo unapotea ukifukia kiungo kwa udongo au matandazo, au ukiruhusu tawi la zambarau kushuka na kugusa chini. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufunga mapema. Machipukizi yanayotokea chini ya kiungo yaondoe.

Usifunge wala kukata majani yakiwa yamelowa. Chovya makasi kwenye Jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa kuwa virusi vinavyofanya matunda kuwa magumu husafiri kwa visu kama vinavyosafiri kwa vidukari. Ukiona matawi yakinyauka licha ya haya yote, mwite afisa wa kilimo wa wadi yako kabla ya kung'oa mmea au kununua dawa.