Kutoka Kituo cha Daladala hadi Msitu wa Pugu

Wengi wa wakazi wa Dar es Salaam hudhani kwamba msitu wa asili ni kitu cha mbali, cha Usambara au Udzungwa, kisichofikika pasipo gari maalumu na fedha nyingi. Kumbe msitu upo mwisho wa njia ya daladala. Gari liendalo Kisarawe hufuata Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, likapita uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, kisha likaanza kupanda. Mteremko huo ndio mwanzo wa Vilima vya Pugu. Mahali pa juu kabisa hapafiki mbali sana na mita 300 kutoka usawa wa bahari, lakini katika pwani iliyo tambarare kimo hicho chatosha kuzuia pepo zenye unyevu zitokazo baharini.

Hifadhi za Pugu na Kazimzumbwi, ambazo leo husimamiwa kwa pamoja na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, zina eneo la hekta 7,000 na ushei. Ni masalio ya misitu ya pwani iliyokuwa imeenea zaidi hapo kale. Mimea miwili, Baphia puguensis na Millettia puguensis, imebeba jina la mahali hapa katika majina yake ya kisayansi. Humo pia huishi komba wa Rondo, ambaye uzito wake haufikii gramu 100. Wanasayansi walimpa jina rasmi katika miaka ya 1990 tu, naye yumo miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Si rahisi kumwona mchana, kwa kuwa hutembea usiku. Mgeni atosheke kujua kwamba amelala mahali fulani juu ya kichwa chake.

Hata hivyo, jambo lenye mafunzo makubwa kuliko yote kwa mwanafunzi haliko juu mitini bali chini ya miguu yake.

Hufundishwa mara nyingi kwamba miti huzuia mmomonyoko kwa kuwa majani yake hupunguza nguvu ya matone ya mvua. Maelezo hayo ni ya kweli kwa nusu tu. Matone madogo yanapotua juu ya majani hukusanyika yakawa matone makubwa, ndipo yakadondoka. Iwapo yametoka kwenye matawi yaliyo mita nane au zaidi juu ya ardhi, hufika chini yakiwa yamekwisha kupata tena karibu mwendo wao wote. Tone la namna hiyo likipiga udongo ulio wazi huweza kuuchimba kuliko tone la mvua ya kawaida. Kinachouokoa udongo wa msituni, basi, ni tandiko la majani makavu. Tandiko hilo hupokea pigo. Chini yake mchwa, minyoo na kuvu huyageuza majani kuwa mboji. Nayo mizizi inayokufa na kuoza huacha vijia vinavyopitisha maji. Udongo wa namna hiyo hunywa maji kama sifongo.

Moto ukipita, au miti ikikatwa na kuchomwa mkaa, tandiko hutoweka kwanza. Matone hupasua madonge ya udongo, chembe nyembamba huziba matundu, na utando mgumu hujitengeneza juu. Mvua inayofuata haipati mlango wa kuingilia, hutiririka. Katika vilima hivi jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa maana miamba yake ya mchanga imechanganyika na kaolini, ule udongo mweupe laini unaotumika katika kutengeneza vyombo vya kauri na karatasi. Chembe za kaolini ni ndogo mno, nazo huziba matundu upesi. Yaitwayo mapango ya Pugu ni mashimo yaliyochimbwa na watu zamani kwa ajili ya kaolini hiyo. Leo ni makao ya popo wengi. Wanafunzi wayatazame kutoka nje, kwani popo huweza kubeba vimelea vya maradhi.

Haya yote yaweza kupimwa kwa kopo tupu la maziwa. Kopo likatwe pande zote mbili libaki bomba, kisha lisukumwe ardhini kiasi cha sentimita 5. Mwaga ndani yake maji ya kipimo maalumu, tuseme nusu lita, na uangalie saa mpaka yaishe. Rudia mahali pale pale mara ya pili na ya tatu. Kipimo cha kwanza hudanganya, kwa sababu udongo mkavu una kiu. Cha tatu ndicho kinachosema kweli. Kisha fanya hivyo hivyo, kwa kopo lile lile, kwenye njia iliyokanyagwa au uwanja uliofagiliwa ulio nje ya msitu. Darasa likigawanywa katika makundi manne au matano, kila kundi na kopo lake, tofauti za vipimo zenyewe zitakuwa somo la hisabati. Kibali na mwongozaji hupatikana kwa wasimamizi wa hifadhi, na kiingilio hulipwa. Mwalimu afanye mpango kabla ya siku ya safari.

Kwa nini mkazi wa mjini ajali muda wa maji kuzama kwenye kopo huko Pugu? Kwa sababu Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivi. Hukimbia takriban kilomita 35, ukapita Kinyerezi, Vingunguti na Jangwani, hadi kuingia baharini penye Daraja la Selander. Desemba 2011 bonde lake lilifurika, na mafuriko ya jiji kwa siku zile yaliua watu zaidi ya 40. Familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande.

Lakini tusiutwishe msitu mzigo usio wake. Sehemu kubwa ya ardhi inayoulisha mto huo sasa ni mapaa ya bati, saruji na lami, ambayo hayanywi hata tone. Aidha, mvua ikinyesha siku kadhaa mfululizo, udongo wa msituni nao hushiba, na maji yanayozidi hutiririka kama kwingineko. Msitu huchelewesha maji ya mvua za wastani na huzuia mchanga usichukuliwe. Hauwezi kuondoa kila gharika. Anayesema kwamba kupanda miti Pugu kutakomesha mafuriko ya Jangwani anakosea, sawa na anayesema kwamba mkaa wa Pugu hauhusiani nayo. Mkaa huo, ikumbukwe, huivisha ugali wa jiji lile lile lililoko chini ya mto.

Suala la mchanga ndilo linaloonekana waziwazi kuliko mengine. Chembe zilizong'olewa mlimani husafiri maadamu maji yana mbio. Mto ukifika tambarare na kupunguza mwendo, huzitua. Sakafu ya mto huinuka, nafasi ya maji hupungua, na mvua isiyokuwa kubwa hutosha kuufanya uvuke kingo. Mwanafunzi anayerudi Magomeni jioni hiyo, akivuka bonde la Jangwani kwa Barabara ya Morogoro, achungulie dirishani upande wa mto. Marundo ya mchanga atakayoyaona yakichotwa humo, baadhi yake yalianza safari kule alikotoka asubuhi.