Mizani ya Akili na Watoto Weusi wa California

Alama ya jaribio la akili hupatikana kwa kumlinganisha mtoto na kundi la watoto wa umri wake waliofanya jaribio hilohilo kabla yake, ambao wastani wao huhesabiwa kuwa 100. Utaratibu huu huitwa usanifishaji, nao huficha upendeleo ambao wengi huutafuta katika maswali pekee. Jaribio la Wechsler la watoto, lililotolewa Marekani mwaka 1949, lilisanifishwa kwa watoto 2,200, na wote walikuwa Wazungu.

Athari zake zilifikishwa mahakamani San Francisco mwaka 1971, katika kesi ya Larry P. dhidi ya Riles. Watoto weusi walikuwa takriban asilimia 10 ya wanafunzi wa California, lakini katika madarasa ya waliohesabiwa kuwa na udumavu wa akili walifikia asilimia 25. Huko hawakufundishwa mtaala wa kawaida, hivyo kila mwaka waliachwa nyuma zaidi na wenzao, na kubaki nyuma huko kukaifanya alama ya awali ionekane ya kweli. Walalamikaji sita walipopimwa upya na wanasaikolojia weusi, waliozungumza nao kwa lugha waliyoizoea, wote walivuka alama 75 iliyokuwa mpaka wa madarasa hayo.

Katika hukumu yake ya mwaka 1979, Jaji Robert Peckham aligusa kiini cha jambo. Watunzi wa majaribio walipoona wavulana na wasichana wanapishana alama, walishikilia kuwa jinsia hizo hazizidiani akili, wakabadili maswali hadi tofauti ikatoweka. Walipoona weusi na Wazungu wanapishana, waliiacha tofauti hiyo ilivyo. Kwa maneno mengine, kilichoaminika kabla ya kupima ndicho kilichoamua ni tofauti ipi iitwe kasoro ya jaribio na ipi iitwe maumbile.

Mwaka uliofuata, katika kesi kama hiyo huko Chicago, Jaji John Grady aliyapitia maswali ya majaribio hayo moja baada ya jingine, akaona machache tu yenye kasoro, akayaruhusu majaribio yaendelee. Ukaguzi wake ulikuwa wa bidii, ila ulikuwa wa muuzaji anayekagua mawe ya mizani bila kuuliza nani aliyeisawazisha. Peckham naye alikaza mkono mwaka 1986, akipiga marufuku majaribio hayo kwa wanafunzi weusi hata pale mzazi aliporidhia, mpaka wazazi wa watoto weusi walipoipinga marufuku hiyo mahakamani, naye akailegeza mwaka 1992.