Sanduku la Chai Nyumbani Mwetu

Katika nyumba nyingi za Kivu chai si kitu cha anasa tena. Mgeni akibisha hodi, maji huwekwa motoni hata kabla hajaulizwa habari za safari. Lakini tukiulizwa chai hiyo yatunzwa wapi, wengi wetu twaona haya kujibu. Pakiti imepasuliwa, imekunjwa mdomo, imesukumwa juu ya kabati katikati ya sabuni na ndagala. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwetu pia, nasi tutawasimulia jinsi tulivyofunzwa adabu.

Ilikuwa majira ya mvua. Baba mkwe wetu alifika jioni, amelowa, baada ya mwendo mrefu. Mama wa nyumba akamletea kikombe cha chai ya moto yenye sukari ya kutosha. Mzee akanywa funda moja, akanyamaza. Akanywa la pili, akatazama ndani ya kikombe. Kisha akasema kwa upole: «Mwanangu, chai hii mmeinunua wapi? Yanuka kama soko la samaki siku ya pili.» Watoto wakacheka. Mama wa nyumba akainamisha kichwa.

Mzee alipokwisha lala, tulimkemea mama jikoni, kana kwamba yeye ndiye aliyeiharibu chai. Akatusikiliza mpaka mwisho, ndipo akajibu: «Baba Yosefu, mwaka mzima nakuomba mahali pa kuwekea vitu. Mbao ziko nyuma ya nyumba, zanyeshewa. Je, chai niitunze mikononi?» Hatukuwa na neno la kujibu. Kosa lilikuwa letu, na aibu alikuwa ameibeba yeye. Asubuhi yake tulimwomba radhi, tukatwaa msumeno.

Tabia ya chai

Kabla ya kukata ubao, yafaa kujua kwa nini chai yahitaji ulinzi. Chai nyeusi na chai ya kijani zatoka katika mti mmoja, ule ustawio vizuri katika milima yetu yenye mvua nyingi na udongo mchachu. Mchumaji huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake. Kisha kiwandani majani hukaushwa mpaka maji yaliyobaki ndani yake ni kama sehemu 3 tu katika 100. Basi, jani lililokaushwa hivyo lina kiu. Likiachwa wazi, hunyonya unyevu wa hewa, na pamoja na unyevu hunyonya harufu yoyote iliyo karibu: mafuta ya taa, vitunguu, moshi, sabuni. Unyevu ukizidi, huota ukungu. Mwanga nao hupunguza ladha. Kwa hiyo chai ina adui wanne: unyevu, harufu, mwanga na hewa.

Wafanya biashara wa zamani walilijua jambo hili. Chai ya Uchina ilisafirishwa baharini ndani ya masanduku ya mbao yaliyotandikwa ndani mabati membamba ya risasi, ili hewa ya chumvi isiingie. Masanduku 342 ya namna hiyo ndiyo yaliyotupwa majini katika bandari ya Boston, tarehe 16 Desemba 1773, watu wa Marekani walipoukataa ushuru wa Waingereza. Katika Uingereza yenyewe chai ilikuwa ghali mno, hata matajiri waliiweka katika visanduku vizuri vyenye kufuli, na ufunguo ukakaa kwa mama wa nyumba. Ushuru ulipopunguzwa sana mwaka 1784, watu wa kawaida nao wakaanza kunywa kwa wingi. Sisi hatuhitaji kufuli; twahitaji kifuniko kinachokaa vema.

Vitu vinavyotakiwa

Tafuteni ubao mkavu, wenye unene wa milimita 12, upana wa sentimita 10, na urefu wa mita 1 na robo. Mvule au mkangazi wafaa. Jiepusheni na ubao mbichi, kwa maana utapinda. Jiepusheni na msonobari na mti wowote wenye harufu kali, kwa maana chai itaibeba harufu hiyo. Zaidi ya hayo: ubao wa tripleksi wa milimita 4, fito za kuzungushia kifuniko, gundi ya mbao, misumari midogo na msasa. Vyombo ni msumeno wenye meno madogo, randa, patasi, nyundo, kekee na kipimo cha pembe. Asiye navyo na aazime kwa fundi. Lakini arudishe vikiwa safi.

Kazi yenyewe

Kateni vipande viwili vya sentimita 40 kwa ubavu wa mbele na wa nyuma, na viwili vya sentimita 18 kwa kichwa na mguu. Vipande vifupi huingia katikati ya virefu. Toboeni kwanza matundu madogo kwa kekee, ili misumari isipasue ubao. Pakeni gundi, kisha pigeni misumari. Kabla gundi haijakauka, pimeni kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamana. Vipimo viwili vikilingana, sanduku limenyoka. Visipolingana, lisukumeni taratibu kwa mkono mpaka vilingane. Halafu gongomeeni chini tripleksi yenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 20.4. Ndani mtabakiwa na urefu wa sentimita 37.6 na upana wa sentimita 18.

Sasa vyumba. Kateni tripleksi kipande kimoja cha sentimita 37.6 na vitatu vya sentimita 18, vyote vyenye kimo cha sentimita 8.5. Katika kile kirefu kateni mapengo matatu kutoka juu kwenda chini, yakianza penye sentimita 9.1, 18.6 na 28.1. Katika kila kifupi kateni pengo moja kutoka chini kwenda juu, likianza penye sentimita 8.8. Kila pengo liwe na upana sawa na unene wa tripleksi, na kina cha sentimita 4.3. Vikiingizwa kimoja katika kingine, hufanya msalaba mara tatu, na vyumba vinane vilivyo sawa hutokea. Msivitie gundi, ili siku ya kusafisha vitoke vyote kwa pamoja.

Hapa Yosefu wetu, mwenye miaka kumi na miwili, aliharibu vipande vitatu. Alikata mapengo vibaya, akaviweka kwa namna ya kuunganisha, vikakataa. Alitaka kulia. Tulimpa tripleksi nyingine, tukamwambia achore kwanza kwa penseli, aandike «juu» na «chini» juu ya kila kipande. Mara ya pili viliingia bila kupigwa. Vile vilivyoharibika havikutupwa: vilitumika kujaribia gundi.

Kifuniko ni tripleksi yenye kipimo sawa na kile cha chini. Upande wake wa ndani bandikeni fito zenye upana wa sentimita 1.5 na unene wa sentimita 1.2: mbili za sentimita 37.4, na mbili za sentimita 14.8 zikikaa katikati yao. Fito hizo huingia ndani ya sanduku kama kifuniko cha sufuria, zikiacha nafasi ya milimita moja kila upande. Kwa kuwa vyumba ni vifupi kuliko kuta, fito hazitavigusa. Juu, katikati, tieni kishikio kidogo cha mti. Bawaba hazihitajiwi.

Laini zote zisuguliwe kwa msasa. Nje mwaweza kupaka nta ya nyuki. Ndani msipake kitu chochote, wala rangi wala vanishi. Kisha liacheni wazi kivulini kwa siku saba. Siku ya nane tieni ndani kitambaa cheupe safi, funikeni usiku kucha, na asubuhi kinuseni. Kikinuka gundi, ngojeni tena. Haraka haraka haina baraka.

Utunzaji

Mjue kwamba mbao peke yake hazizuii hewa yote. Vifuko vidogo vya chai vyaweza kukaa katika vyumba pamoja na karatasi zao. Lakini majani yaliyofunguliwa yawekwe kwanza ndani ya mkebe mkavu wenye kifuniko, au yabaki katika pakiti yake iliyofungwa vema, ndipo yatiwe chumbani. Mchaichai, tangawizi kavu na iliki ni marafiki wa chai ndani ya birika tu. Katika sanduku kila kimoja kiwe na mkebe wake. Kijiko kikavu daima. Sanduku lisiegemee ukuta wenye unyevu, lisikae juu ya meko, wala karibu na mafuta ya taa.

Enyi wanafunzi, kazi hii yaweza kumalizika kwa Jumamosi mbili. Anzeni kwa kuuliza nyumbani ni kitu gani kinachokosa mahali pake. Nasi tulio baba wa nyumba, tukiona chakula kimeharibika, kwanza tujiulize kama tulimpa mama mahali pa kukitunzia, ndipo tufungue kinywa.

Baba mkwe wetu alirudi mwezi wa Juni. Alikunywa vikombe viwili bila kusema neno juu ya chai. Alipoaga, alimwita mjukuu wake kando, akamwuliza kama aweza kumtengenezea bibi yake sanduku kama lile, lenye vyumba vinne tu. Yosefu amekwisha chora vipimo.