Moto wa sigiri, ukirudishwa nyuma

Sigiri ikiwaka mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hapa Kampala, hutoa hewa ya ukaa pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Wanakemia wanajaribu kuurudisha moto huo nyuma: wachukue hewa ya ukaa, waipige mwanga, wapate tena kitu kinachowaka. Mgomba hufanya kazi ya jinsi hiyo kila siku.

Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba titani dayoksaidi ikimulikwa huweza kupasua maji. Mwaka 1979, pamoja na wenzao, wakapata methanoli kutoka kwa hewa ya ukaa. Titani dayoksaidi ni unga, nao ndio weupe wa rangi za kuta. Madini yake yalichimbwa Kwale, Kenya, hadi mwisho wa 2024.

Mwanga ukigonga chembe ya unga, elektroni huruka na kuacha tundu. Mara nyingi hurudi tunduni kabla ya kufika kwenye uso wa chembe, na nishati yote huishia kuwa joto. Hapa ndipo ufundi ulipo. Chembe ikipunguzwa hadi nanomita 20 hivi (unene wa unywele ni kama 80,000), safari ya elektroni hufupika, na gramu moja ya unga hupata uso wa takriban mita 50 za mraba, sawa na vyumba vitano vya kupanga. Kisha hupachikwa vidoa vya shaba au platini vya kuzidaka elektroni.

Lakini titani dayoksaidi hutumia urujuanimno tu, kama asilimia 5 ya mwanga wa jua. Kinachonivutia mimi ni kaboni nitridi, unga wa manjano unaotumia hata mwanga tunaouona. Hutengenezwa kwa kuchoma urea, ambayo mkulima huijua kama mbolea, kwenye nyuzi 550 hivi.

Tusidanganyane, mavuno bado ni haba, na mara nyingi kinachotoka ni kaboni monoksaidi ileile, malighafi ya viwandani inayotaka kufungiwa vizuri. Wala kikohozi cha Kampala hakitapona kwa njia hii: kinachotuumiza ni vumbi laini la moshi, lile linalopimwa na vifaa vya mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Ukisikia unga mpya wa aina hii, yaani kichocheo, umesifiwa, uliza kama ulijaribiwa kwa hewa ya ukaa yenye kaboni-13, kaboni nzito inayotambulika. Gesi inayowaka, kama methani, ikitoka bila kaboni hiyo, huenda ilitoka kwenye uchafu wa unga wenyewe.