Tairi 'jipya' la miaka kumi



Nina dukuduku kuhusu matairi yanayouzwa huku kwetu Mbulu na Hanang.

Juzi gari tulilokodi walimu kupeleka wanafunzi michezoni lilipasuka tairi la mbele tukiteremka Dareda. Mungu mkubwa, dereva aliliegemeza upande wa mlima, hakuna aliyeumia. Aliapa kuwa tairi ni jipya, ana miezi miwili nalo, na kweli kashata zilikuwa nzima. Fundi akatuonyesha ubavuni namba nne: 2214. Maana yake lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2014! Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Hukauka na kupata nyufa, hasa ukianikwa juani mlangoni kama wafanyavyo wauzaji wetu.

Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, tulichokitegemea tangu miaka ya 1970, kilisimama mwaka 2009. Sasa tunanunua ya nje, mengine mitumba, kwa kutazama kashata tu. Wenye magari ya abiria, someni namba hiyo kabla ya kutoa fedha. Nao askari wa usalama barabarani, wakishaona leseni na bima, je, huinama kuitazama?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mbulu.